Zilizoharibika Ngapi?

Jumatatu, 1 Julai 1996

Shule imefunguliwa. Baridi kali, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mlima hatujauona tangu juzi. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya maandalio ya masomo, lakini nimeamua liwe langu mwenyewe. Nikikasirika nitaandika humu badala ya kumwambia mtu.

Hasira ya leo imetoka kwenye kikao cha walimu. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Filemon, ametangaza kwamba duka la mjini linalotuchapia majaribio ya kila Ijumaa limepandisha bei tena. Wino umepanda, karatasi zimepanda, ndivyo walivyomwambia. Kuanzia sasa kila mtoto wa darasa la saba alete shilingi mia mbili kwa wiki, na asiyeleta hafanyi jaribio. Darasa la saba ni langu. Wako arobaini na saba, na mtihani wa taifa ni mwezi wa tisa.

Nikauliza, je, yule ambaye kwao hawana? Bei ya kahawa imeanguka, watu wengine wameanza kung'oa mibuni wapande nyanya.

"Duka halipokei huruma, Mwalimu Mektrida," akasema, akafunga jalada lake. Mkono wa birika, huyu baba. Sijui mshahara wake anampelekea nani.

Ijumaa, 5 Julai

Kumi na tisa wametolewa nje.

Mwalimu Filemon alisimama mlangoni na orodha, akaita majina ya waliolipa. Waliobaki wakaenda kusimama kwenye ua wa masale, ile mimea ya majani marefu iliyopandwa mpakani mwa shule, wakijikunyata kwa baridi. Mimi niko ndani nagawa karatasi, naona vichwa vyao vinavyopotea kwenye ukungu. Katikati ya jaribio nikainua macho, nikamwona Gladness amesogea mpaka dirishani, anavuta shingo kutazama ubaoni. Ubaoni hapakuwa na kitu. Maswali yote yako kwenye karatasi, na karatasi ni ya mia mbili.

Gladness anatoka juu kabisa mlimani, karibu na msitu. Si mwerevu wa kutisha, lakini ana bidii. Nilitazama pembeni kwa sababu nilikosa pa kuweka uso.

Nimeapa. Nasema humu ili nisije kuruka maneno yangu: Ijumaa nyingine zote watoto wangu arobaini na saba watakaa ndani. Sijui kwa njia gani, lakini watakaa ndani.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwenda stoo ya shule kutafuta majembe. Nyuma ya magunia nimekuta mashine ya kudurufu ya zamani, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ngoma yake ina kutu na kuku ametagia juu yake. Nimejaribu mpini. Unazunguka.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemwomba Mkuu anipe ile mashine. Alibadilika uso kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Hiyo ilikufa. Iache ilipo."

"Haijafa, Mkuu. Mpini unazunguka."

Tumevutana mpaka kengele ya mapumziko. Mwisho akaniambia kwenye mfuko wa mitihani wa muhula mzima kuna shilingi elfu kumi na nane. Dukani hizo haziwezi kufika wiki mbili. Nikiweza kuchapa majaribio yote mpaka mwezi wa tisa kwa hizo, hakuna mtoto atakayetolewa nje. Nikishindwa, turudi dukani na orodha yake mlangoni. "Na kila utakapochapa nitakuuliza karatasi zilizoharibika ni ngapi. Uwe na jibu."

Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Ijumaa, 12 Julai

Wiki hii mashine haijapona. Kumi na saba nje. Gladness yumo.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeshuka na mashine mpaka Kwa Sadala juu ya toroli, kutoka hapo juu ya pikapu ya nyanya mpaka Moshi. Huko Pasua yupo Fundi Khalid, anayetengeneza taipureta za maofisi. Sasa maofisi yanaleta kompyuta, kwa hiyo fundi ana nafasi ya kuongea na mtu.

Aliifungua ngoma, akacheka. "Mwalimu, huyu si mgonjwa. Huyu kasahauliwa tu." Akasafisha, akabadilisha springi moja, akanifundisha kama ninavyowafundisha watoto, tena mkali kunishinda. Stensili ni karatasi yenye nta. Unaichapa kwa taipureta iliyotolewa utepe, herufi zinatoboa, unaivalisha kwenye ngoma, na wino wa ndani unapenya kwenye vitundu. Hapo ndipo hela zinapopotelea, alisema, kwa sababu watu hawana subira.

Nimeandika maneno yake yote. Ukikosea herufi usitupe stensili, paka rangi ya kucha, ipulize ikauke, chapa tena juu yake. Wino usibonyeze kama dawa ya meno. Chota kwa kijiti, paka kidogo, zungusha, tazama. Ukimaliza, osha stensili kwa mafuta ya taa, ilaze ndani ya gazeti, mwakani utaitumia tena. Na tyubu ikionekana imeisha haijaisha: ikate, ikwangue. "Tena ninyi wa mlimani baridi inagandisha wino. Upasheni joto kwanza, ndiyo utembee."

Nikauliza bei. Akataka hela ya springi tu, na mkungu mmoja wa ndizi mshare nitakaposhuka tena. Nimenunua rimu moja, stensili kumi na sita, tyubu moja ya wino, na chupa ya rangi ya kucha nyekundu. Muuzaji aliniuliza kama naenda harusini.

Jumatano, 17 Julai

Kuchapa kwa mara ya kwanza. Stensili ilijikunja, wino ukamwagika mpaka kwenye sketi yangu. Za kwanza zote nyeusi tii. Baadaye nikaupata mkono: mbele na nyuma ya karatasi moja, herufi ndogo, masomo matatu. Watajibu kwenye madaftari yao, kwa hiyo hakuna nafasi ya bure iliyobaki.

Shida moja: kwa ukungu huu wino haukauki. Ukizipanga tu zinaambukizana. Nimezibeba nyumbani nikazitandaza darini, juu ya jiko, pale Mama anapoivishia ndizi zake. Mama ni mama mkwe wangu, Bibi Magdalena. Nyumba hii tunaishi mimi, yeye na binti yangu Viki wa darasa la nne. Baba Viki yuko Tarakea kwenye biashara ya mahindi. Mama hajui kusoma, lakini alizitazama zile karatasi kwa heshima, akasogeza ndizi.

Mwalimu Filemon akauliza, "Zilizoharibika ngapi?" Kumi na tisa. Akaandika. Hata karatasi mbovu anazihesabu!

Ijumaa, 19 Julai

Arobaini na saba. Wote ndani. Karatasi zinanuka moshi na ndizi mbivu, hakuna aliyelalamika. Gladness alikaa dawati la mbele, akaishika karatasi yake kwa mikono miwili kabla ya kuanza kusoma. Nimefurahi mpaka nimeogopa.

Jumatano, 24 Julai

Zilizoharibika kumi na moja. Naendelea vizuri.

Nimegombana na Mama, na nimejuta kidogo. Nimemkuta anawashia moto karatasi zilizoharibika. Nilipaza sauti. "Mama, karatasi haichomwi nyumba hii! Nyuma yake ni nyeupe, ina kazi. Hapa hakitupwi kitu!" Nilizitaka kwa mahesabu ya kujaribia. Mama akaziweka vizuri ndani ya kikapu, akawasha moto kwa maganda ya mahindi. Viki alinitazama.

Lakini jamani, mimi nabana mpaka tone la wino.

Ijumaa, 26 Julai

Wote ndani.

Jumatano, 31 Julai

"Zilizoharibika ngapi?" Nane, Mkuu. "Na ziko wapi?" Nyumbani, zina kazi. Alitaka kusema kitu, wazazi wakaingia ofisini, akaacha. Angependa kuzirudisha zile nane ziwe mpya, nadhani.

Ijumaa, 2 Agosti

Wote ndani. Alama zimepanda. Kumbe mtoto akikaa na karatasi yake kila wiki anabadilika! Nilikuwa nasema siku zote.

Jumatano, 7 Agosti

Mvua ya manyunyu kutwa. Zilizoharibika saba. Stensili za Julai nimeziosha, zimelala kwenye magazeti chini ya kitanda changu. Chumba chote kinanuka mafuta ya taa. Viki amehamia kwa bibi yake.

Ijumaa, 9 Agosti

Rogath, ambaye mwezi wa sita hakujua saba mara nane, amepata thelathini na nane kati ya hamsini. Nimesoma alama zake mbele ya darasa zima.

Walimu wa shule tatu za jirani wamekuja kuuliza tunafanyaje. Mratibu wa elimu wa kata ameniomba nichape mtihani wa majaribio wa kata nzima, tarehe ishirini na tatu. Watoto mia moja na sitini! Karatasi wataleta wao. Nimetembea kurudi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 16 Agosti

Nusu ya darasa wamevuka arobaini. Rogath arobaini na sita.

Gladness ishirini na moja. Wa mwisho. Wiki baada ya wiki yuko palepale, huku wenzake wote wanapanda. Nilimwita mbele. Nilimwambia mimi nakesha na wino kwa ajili ya watoto kama yeye, halafu yeye analala. Nikamchapa fimbo mbili mkononi. Alirudi akakaa, akaificha mikono yake chini ya dawati.

Mwalimu Filemon aliziangalia alama zangu kwa muda mrefu. Hakunipongeza. Wivu, bila shaka.

Jumatano, 21 Agosti

Nimechapa mtihani wa kata. Mratibu alitaka upande mmoja tu wa karatasi, ionekane ya heshima. Nyuma yote nyeupe inapotea bure, nimeumia. Zilizo nzuri mia na sitini, zilizoharibika kumi na sita. Wino uliobaki kwenye tyubu hauzidi wa kupaka kidole. Imebaki stensili moja.

Alhamisi, 22 Agosti

Lazima niandike taratibu.

Leo nilitoka shule kwa njia ya njia panda, ambayo siipiti mara nyingi. Mama huuza karanga pale chini ya kibanda cha majani ya migomba. Watoto wangu sita walikuwa wamemzunguka. Nikasikia sauti ya Rogath.

"Bibi, siyo hiyo. Nipe ile yenye maswali."

"Karanga ni zilezile, mjukuu wangu."

"Sitaki karanga nyingi, Bibi. Nataka karatasi nyingine. Kwenye yangu inasomeka Hisabati tu."

Waliponiona walitawanyika kama vifaranga. Nikamwendea Mama, nikachukua fungu moja lililofungwa kwa karatasi, nikalikunjua, karanga zikamwagika kwenye vumbi. Karatasi ilikuwa nyeusi sehemu ya juu, lakini chini inasomeka: swali la tisa mpaka la ishirini na mbili. Mtihani wa kata. Kesho asubuhi.

Nilimuuliza Mama tangu lini. Alianza kujitetea kabla hajajua kosa ni nini.

"Wewe si ndiye uliyesema karatasi isichomwe, Mama Viki? Ulisema ina kazi. Zamani nilikuwa nanunua magazeti ya kufungia. Nikasema na mimi nimsaidie mkwe wangu, na mimi nibane." Halafu akasema, "Watoto walizipenda sana. Wiki hizi nauza mpaka nabaki na kikapu kitupu."

Kila Jumatano jioni zilishuka kutoka darini kwangu. Kila Alhamisi zilikuwa njia panda. Kila Ijumaa nilisimama mbele ya darasa nikijisifu.

Nilikaa kwenye jiwe. Nilitaka kunyamaza, naandika wazi. Hakuna mwingine aliyejua. Watoto wasingesema. Kesho shule yetu ingeongoza kata, mratibu angenipa mkono, na Ijumaa zote zilizobaki watoto wangekaa ndani. Nikisema, mashine inarudi stoo, na wale kumi na tisa wanarudi kwenye ua wa masale. Nilinyanyuka nikaenda kwa Mwalimu Filemon, nikafika getini kwake nikarudi, nikafika mtoni nikageuka tena. Mtihani ambao umeshasomwa ni karatasi ya kufungia karanga tu. Sikukesha na wino kwa ajili hiyo.

Alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Zilizoharibika zilikuwa ngapi?" akauliza.

"Kumi na sita, Mkuu."

"Nimekuuliza kila Jumatano." Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Kila Jumatano, Mwalimu."

Mtihani wa kesho umefutwa. Atapeleka taarifa shule zote asubuhi. Mashine irudi stoo. Jumatatu atashuka dukani.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimewaambia watoto kwamba mtihani hakuna. Rogath alitazama chini. Gladness ndiye peke yake aliyeuliza utakuwa lini.

Jumamosi, 24 Agosti

Asubuhi Mama hakuwepo. Kikapu kipo, karanga zipo, yeye hayupo. Viki akasema, "Bibi amevaa kitenge cha kanisani, amechuma isale pale mpakani, ameshuka."

Nilikimbia. Mtu akikujia na jani la isale ameshakiri kosa lake, na wewe huna ruhusa ya kumrudisha mikono mitupu. Kwetu hilo halibishaniwi, uwe padri au uwe mlevi. Lakini huja nalo mdogo kwa mkubwa. Mama ana miaka zaidi ya sabini, Mwalimu Filemon hajafika sitini.

Niliwakuta uani kwake. Mama amesimama, jani amelishika kwa mikono yote miwili. Mwalimu Filemon amerudi nyuma hadi ukutani.

"Mama, tafadhali. Liweke chini. Usinipe mimi."

"Nimeshalishika, mwanangu. Pokea. Nilifunga karanga kwa kitabu cha watoto. Mkwe wangu usimwadhibu, mimi ndiye nisiyejua kusoma."

Alilipokea. Akamkalisha Mama kwenye kiti chake mwenyewe, akaingia ndani akatoka na kikombe cha mtori wa ndizi, akampa. Ndipo akanigeukia mimi.

"Mwaka wa sabini na nane nilikuwa mwalimu kijana, kule Rombo. Nilichapa mtihani kwa mashine kama ile. Mbovu nilimpa mpishi awashie moto. Nusu aliwashia. Nusu zilikwenda dukani kufungia chumvi. Nilishushwa cheo nikahamishwa mara tatu, na watoto wale walifutiwa mtihani wote, hata ambao kwao hawakununua chumvi." Alilizungusha lile jani. "Nilipofika hapa, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungia ile mashine stoo. Halafu ukaja wewe na mpini wako unaozunguka."

Wiki zote hizi nilimwita mchoyo wa karatasi, na yeye alikuwa akinionya. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba nilimdhania vibaya. Akasema angetakiwa kunieleza tangu siku ya kwanza, ila aliona aibu.

Halafu akauliza, "Umebaki na nini?"

Stensili moja, Mkuu. Wino wa kupaka kidole. Na karatasi mia na sitini zenye mgongo mweupe.

Jumapili, 25 Agosti

Mkuu amemwona mratibu, mtihani utafanyika Jumanne. Baada ya misa tumetunga maswali mapya sote wawili, mezani kwake. Nimechapa stensili ile ya mwisho kwa kidole kimoja kimoja. Nilikosea mara nne. Rangi ya kucha imekwisha kwenye kosa la nne, nikakwangua kifuniko.

Jumatatu, 26 Agosti

Tumechapa nyuma ya mtihani uliovuja. Karatasi mia na sitini kwa watoto mia na sitini, hakuna hata moja ya kujaribia.

Tyubu niliipasha moto jikoni mpaka ikalainika, nikaikata kwa kisu cha kumenyea ndizi, nikaikwangua mpaka bati likang'aa. Mwalimu Filemon alivua koti, akazungusha mpini mwenyewe. Hakuharakisha. Mimi nalisha karatasi, Mama anazipokea. Ya thelathini ilijikunja. Ya hamsini na mbili ikatoka nusu. Mpaka mwisho tulipoteza tano.

"Tumepungukiwa tano," nikasema. Watano nje.

Mama akainuka, akaleta kikapu chake. Kati ya zile kumi na sita, mafungu sita yalikuwa hayajauzwa. Akamwaga karanga, akazikunjua karatasi, akatia makaa kwenye pasi, akazipiga pasi moja moja juu ya kitenge chake cha kanisani. Zilinyooka. Zina doa la mafuta hapa na pale, lakini zilimeza wino. Tano zikatoka, ikabaki moja ya akiba. Za mwisho kumi zilikuwa hafifu, Mkuu akasema hizo wapewe watakaokaa karibu na dirisha.

Halafu akaniuliza kwa sauti ileile ya kila Jumatano. "Zilizoharibika ngapi?"

"Tano."

Tukazihesabu mbele ya jiko, na ile ya akiba ikawa ya sita. Mama ndiye aliyezitia moto, na akakaangia karanga palepale. Tumezila wote watatu.

Jumanne, 27 Agosti

Wote mia na sitini ndani. Mvua ilipiga bati mpaka hatukusikiana.

Ijumaa, 30 Agosti

Matokeo. Darasa langu limeshuka karibu na lilikokuwa mwanzo wa Julai, limepazidi kidogo tu. Hicho kidogo ndicho chetu kweli, nitakishika. Rogath kumi na saba. Amekuja mwenyewe kuniomba nimrudishie mahesabu ya saba mara nane, tumeanza leo.

Gladness thelathini na moja. Wa nne darasani. Nililitazama hilo jina nikakumbuka mikono chini ya dawati.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimechuma isale kwenye ua wa shule, palepale waliposimama Julai. Mwalimu kumpelekea mtoto ni kitu ambacho sijawahi kukisikia. Mama alisema, "Kosa ni lako? Basi jani ni lako." Nikapanda.

Kwao ni mbali, karibu unasikia miti ya msitu. Mama yake alidhani nimekuja kudai mia mbili, akaanza kujieleza kabla hajanikaribisha. Nikamwomba amwite mtoto. Gladness akaja anajifuta mikono, akaliona lile jani, akamtazama mama yake.

"Nilikupiga kwa kosa ambalo hukulifanya," nikamwambia. "Wenzako waliyaona maswali, wewe peke yako ulifanya mtihani. Nisamehe."

Alilipokea kwa mikono miwili. Nikamsifu kwamba alikataa kuiba. Akatikisa kichwa.

"Sikukataa, mwalimu. Niliwaomba wanionyeshe, wakasema nikanunue karanga zangu. Sikuwa na hela."

Nilishuka mlima nikilia, na sioni haya kuandika. Tangu mwezi wa saba nilijua wote wako ndani, nilikuwa nawahesabu kila Ijumaa. Kumbe yeye alikuwa bado amesimama uani kwa ajili ya hamsini ya karanga, na mimi ndiye niliyemchapa.

Jumatano, 4 Septemba

Nimeshuka Pasua na mkungu wa mshare wa Fundi Khalid. Elfu kumi na nane zimekwisha. Nikamweleza yote. Alicheka habari ya pasi mpaka akakaa chini, halafu akanipa tyubu ya wino iliyotumika nusu, ya ofisi fulani iliyohamia kompyuta, na stensili mbili. "Mbovu choma," akasema. Nikamwambia hilo nimeshafundishwa.

Kwa uchovu wa safari nisingeandika zaidi, lakini nimechapa leoleo jioni. Zilizoharibika nne. Zimechomwa nne, mbele ya Mkuu.

Jumanne, 10 Septemba

Mwalimu Filemon amenipa ufunguo wa stoo. Aliuweka juu ya daftari langu la mahudhurio.

Jumatano, 11 Septemba

Mtihani wa taifa. Ukungu umeondoka, mlima wote uko wazi toka asubuhi. Karatasi za leo zimekuja zimefungwa kwa lakiri, si kazi yangu.

Mlangoni msimamizi aliita majina. Mimi sikuruhusiwa kuingia, kwa hiyo nilikwenda kusimama kwenye ua wa masale na kuhesabu kutoka pale. Gladness alikuwa wa mwisho kuingia. Alinitafuta kwa macho, akanipungia, akaenda kukaa.

Arobaini na saba ndani. Nje nilikuwa peke yangu.